Shajara ya mradi: kuchagua risasi ya kulungu kwa masafa ya kati, hesabu Wete na bunduki Wisconsin

Mwezi wa Novemba 2023 ami yangu, mzaliwa wa Wete, Pemba, ambaye kwa miaka mingi sasa anaishi jimbo la Wisconsin nchini Marekani, alimpiga risasi kulungu wa mkia mweupe akamjeruhi, akafuata matone ya damu mpaka giza likaingia, na asimpate. Alinipigia simu usiku ule, na sikumbuki kumsikia akizungumza kwa huzuni namna ile tangu msiba wa babu. Aliniambia, "Mwanangu, wewe unasomesha hisabati. Nisaidie nijue nimekosea wapi." Shajara hii ndiyo jibu langu, na naiandika hadharani ili Mswahili mwingine anayewinda kwa kibali ughaibuni, au mwalimu anayetaka mfano wa kweli wa hesabu za mwendo, aweze kuifuata hatua kwa hatua.

Mambo mawili niyaweke wazi kabla sijaanza. Hapa Zanzibar hakuna aliyegusa bunduki wala baruti kwa ajili ya kazi hii. Mimi nafanya hesabu Wete, na kushindilia risasi na kufyatua ni kazi ya ami huko aliko, ambako sheria inamruhusu. La pili, sitaandika popote uzito wa baruti alioutumia, kwa sababu kipimo kilicho salama katika bunduki moja kinaweza kuipasua nyingine. Anayetaka kipimo akichukue katika kitabu cha mtengenezaji wa baruti aliyonayo, aanze na kile cha chini kabisa, apande kidogo kidogo.

21 Aprili 2024. Tunachokitafuta

Bunduki ni ya .308 Winchester, risasi iliyoingia sokoni mwaka 1952, na ami anaimiliki tangu zamani pamoja na vifaa vyote vya kushindilia. Masafa anayoyataka ni kuanzia mita 50 hadi 300. Eneo la moyo na mapafu la kulungu aliyesimama ubavu lina upana wa takriban sentimita 20, kwa hiyo tunatafuta mchanganyiko wa kichwa cha risasi (ile sehemu inayoruka kumwendea mnyama) na kasi ambao hautapanda wala kushuka zaidi ya sentimita 10 kutoka alipolenga, na ambao ukifika unafanya kazi yake.

Tumekubaliana kwamba "kazi yake" ina maana nne: kichwa kipenye hadi mapafu yote mawili, kitanuke njiani, kisisambaratike kikaharibu nyama, na mnyama aanguke karibu. Hilo la mwisho kwetu lina uzito wa pekee. Ami hutaja jina la Mwenyezi Mungu anapofyatua, kisha hukimbia kwa mnyama, na akimkuta yu hai humchinja. Mnyama aliyekimbia nusu maili akafia vichakani hakufaa kwa lolote, na roho yake imetoka kwa mateso.

5 Mei 2024. Jedwali la kwanza, na kosa la kwanza

Nimetengeneza jedwali la hesabu kwenye kompyuta ya skuli baada ya saa za kazi. Linapokea uzito wa kichwa, kasi ya kutokea mtutuni na nambari inayoonesha jinsi kichwa kinavyopenya hewa, kisha linatoa kasi, nguvu na mshuko kwa kila mita 25.

Jibu la kwanza lilinishtua: nguvu ya jouli 54,570 mtutuni. Nilikagua fomula mara tatu, na ilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa kwenye kifupisho "gr" katika picha ya kasha ambayo ami alinitumia. Mimi niliisoma kuwa gramu, kumbe ni greni, kipimo cha zamani ambacho 7,000 zake hufanya ratili moja. Kichwa cha greni 150 kina gramu 9.72 tu, na kwa kasi ya mita 853 kwa sekunde nguvu yake ni kama jouli 3,540. Anayenakili jedwali hili akumbuke kwamba Wamarekani hupima kwa greni kichwa na baruti vilevile, kwa hiyo ni lazima aandike waziwazi ni greni za kitu gani.

Siku mbili baadaye likaibuka jingine la ukoo huohuo. Ami akisema "mia tatu" huwa anakusudia yadi, nami nilikuwa nikihesabu mita. Yadi 300 ni mita 274. Ukizilinganisha katika jedwali, tofauti ya mshuko ni karibu sentimita 9, ambayo ni karibu nusu ya upana wa eneo tunalolilenga. Tangu siku hiyo tunaandika mita peke yake, na ami amebadilisha hata kipimo katika kifaa chake cha kupimia masafa.

Gharama hadi sasa: Sh 15,000 za intaneti.

26 Mei 2024. Hewa ya Pemba si hewa ya Wisconsin

Hatua hii imenichukua wiki tatu na imekuwa na makosa matatu, yote yangu.

Kwanza, nambari ya upenyaji hewa. Kichwa tulichoanza nacho kina nambari 0.415, na programu niliyoitumia kuhakiki jedwali langu ilikuwa na vielelezo viwili vya kuchagua, G1 na G7. G1 ni kielelezo cha risasi yenye kitako bapa, na G7 ni cha risasi ndefu yenye kitako kilichopunguzwa kama mkia wa jahazi. Watengenezaji wengi wa risasi za kuwindia huandika nambari ya G1 kwenye kasha. Mimi nilichagua G7 kwa kuwa kichwa kilikuwa na kitako cha namna hiyo, nikaacha nambari ileile ya G1. Kichwa kimoja kikipimwa kwa G7 huwa na nambari iliyo karibu nusu ya ile ya G1, kwa hiyo jedwali langu lilikuwa likihesabu risasi ya ajabu ambayo hewa karibu haiizuii. Nilikamatwa na kasi: ilinionesha kasi ya mita 300 ikiwa imepungua kidogo mno, ilhali hesabu sahihi ni kuwa inashuka kutoka mita 853 hadi karibu mita 650 kwa sekunde.

Pili, urefu wa darubini. Jicho halipiti ndani ya mtutu. Linapita kwenye darubini iliyokaa juu yake, na katika bunduki ya ami katikati ya kioo ni sentimita 4 juu ya katikati ya mtutu. Niliiacha sifuri. Kosa lake ni dogo, karibu sentimita 2 kwa mita 100, lakini ni kosa linaloonekana kwenye karatasi ya shabaha na kumfanya mtu aishuku bunduki yake bure.

Tatu ndilo lililonifunza zaidi. Nilijaza joto la nyuzi 30 na usawa wa bahari, kwa sababu ndiyo hewa niliyoizoea. Siku ya kwanza ya msimu wa kuwinda Wisconsin huwa Jumamosi inayotangulia sikukuu ya shukurani ya Wamarekani, wakati ambapo baridi ya sifuri si jambo la kushangaza. Hewa ya baridi ni nzito. Hata ukitoa hesabu ya mwinuko wa mita mia mbili na ushei za ardhi ya huko, uzito wa hewa unazidi ule wa Pemba kwa asilimia 7 au 8, na kwa mita 300 kichwa kinafika kikiwa na kasi pungufu kwa takriban mita 14 kwa sekunde. Mshuko unaongezeka kwa sentimita moja au mbili tu, na mtu anaweza kusema si kitu. Mimi nasema ni kitu, kwa sababu kasi ya kufikia ndiyo itakayoamua kama kichwa kitatanuka au hakitatanuka, na hilo linakuja mbele.

Jedwali lililosahihishwa, bunduki ikiwa imerekebishwa ipige sawasawa mita 200: juu kwa sentimita 6 kwenye mita 100, chini kwa sentimita 10 kwenye mita 250, na chini kwa sentimita 26 kwenye mita 300. Upepo wa kilomita 16 kwa saa unaovuma kutoka ubavuni unasogeza risasi kwa karibu sentimita 10 kwenye mita 200, 16 kwenye mita 250, na 23 kwenye mita 300. Zitazameni hizo nambari za upepo. Zinakua upesi kuliko masafa yenyewe, na upepo hakuna kifaa kinachoupima mahali pote risasi inapopita.

23 Juni 2024. Vichwa vinne mezani

Kichwa kilichomjeruhi yule kulungu wa mwaka jana kilikuwa cha kawaida: ndani madini laini ya risasi, nje gamba jembamba la shaba, visivyoshikamanishwa. Vichwa vya aina hii vimewaangusha kulungu wengi kuliko aina nyingine zote, na ami alivitumia miaka mingi bila lawama. Udhaifu wake ni kwamba kikigonga mfupa wa bega kwa kasi kubwa kinaweza kupasuka kabla hakijafika mapafuni. Ni jambo la zamani: mwindaji Mmarekani John Nosler aligundua udhaifu huo mwaka 1946 huko British Columbia, Kanada, pale risasi zake ziliposhindwa kumwangusha mnyama mkubwa aina ya moose, na mwaka 1948 akaanza kuuza kichwa chenye ukuta wa shaba katikati, ambacho nusu ya mbele hutanuka na nusu ya nyuma hubaki nzima.

Tumechagua vinne vya kujaribu. Cha kwanza ni hicho cha kawaida, greni 150. Cha pili ni cha greni 165 ambacho risasi yake imeunganishwa kwa joto na gamba. Cha tatu ni cha shaba tupu, greni 150, chenye ncha ya plastiki. Cha nne ni cha mashindano ya shabaha, greni 168, na hiki nilikipendekeza mimi kwa sababu jedwali lilikipenda: kinapenya hewa vizuri kuliko vyote, hakisogezwi sana na upepo, na nguvu yake kwa mita 300 ni kubwa.

Gharama kwa ami: kasha la vichwa 100 vya kawaida dola 42, la vichwa 100 vya mashindano dola 48, la vichwa 50 vilivyounganishwa dola 44, na la vichwa 50 vya shaba dola 52. Baruti ratili moja dola 48, fataki (vidude vya kuwashia baruti) 200 dola 18. Kipima kasi dola 120.

14 Julai 2024. Kushindilia

Kusafisha maganda, kuyarudisha umbo, kuyakata urefu, kutia fataki, kupima baruti, kukaza kichwa: ami amefanya yote hayo kwa utaratibu alionao siku zote. Ganda la .308 halitakiwi kuzidi milimita 51.18, na risasi kamili isizidi milimita 71.37. Maganda sita yalizidi, yakakatwa.

Kosa moja linastahili kuandikwa kwa ukamilifu. Ami alikuwa na kipimo cha baruti alichokitumia zamani kwa kichwa cha kawaida cha greni 150, na akakichukua vilevile kwa kichwa cha shaba, akidhani uzito ukiwa mmoja basi kipimo ni kimoja. Shaba ni nyepesi kuliko risasi kwa ujazo, gramu 8.96 dhidi ya 11.34 kwa kila sentimita ya ujazo, kwa hiyo kichwa cha shaba cha uzito uleule huwa kirefu zaidi, kinaingia ndani zaidi ya ganda na kuipunguzia baruti nafasi. Nafasi ikipungua, shinikizo hupanda. Alipofyatua ya pili, komeo lilikuwa zito kufunguka na fataki ilikuwa imebanwa ikawa bapa kama shilingi. Hizo ni dalili za shinikizo kubwa kupita kiasi. Alisimama hapohapo, hakufyatua ya tatu. Zile 18 zilizobaki alizifungua moja moja nyumbani, akamwaga baruti, na kuanza upya kutoka kipimo cha chini kabisa cha kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya kichwa hichohicho. Namshukuru Mungu kwamba alikuwa na subira ya kuitazama fataki ya kwanza kabla ya kufyatua ya pili, na ya pili kabla ya ya tatu.

11 Agosti 2024. Kipima kasi kinakanusha kitabu

Kitabu kilisema mita 853 kwa sekunde. Kipima kasi kilisema 826.

Tulianza kwa kukishuku kifaa. Kilikuwa cha aina inayotumia mwanga wa jua, na siku ya kwanza kulikuwa na mawingu yanayopita. Kilitoa nambari zilizotawanyika, moja ikiwa 790 na nyingine 871 kwa risasi zilizoshindiliwa pamoja. Siku ya pili ami alikiweka mita 4 mbele ya mtutu badala ya mbili, akakifunika kwa vivuli vyake vyeupe, na mtawanyiko ukapungua hadi mita 9 baina ya ya juu na ya chini. Wastani haukubadilika: 826.

Jibu lilikuwa katika ukurasa wa mwanzo wa kitabu, ule ambao watu huuruka. Kasi zile zilipimwa kwa mtutu wa inchi 24, yaani sentimita 61. Mtutu wa ami una inchi 20. Kwa risasi ya namna hii kila inchi iliyokatwa hupunguza kasi kwa kiasi cha mita 6 au 7 kwa sekunde, na inchi nne ndizo hizo 27 tulizozipoteza. Hakuna kilichoharibika. Jaribu la kuongeza baruti ili kufikia nambari ya kitabu lilikuwepo, na ami alilitaja, nami nikamwomba kwa heshima asilifanye. "Ami, kitabu kinazungumza na bunduki nyingine," nilimwambia, naye akakubali.

Jedwali jipya kwa mita 826: juu sentimita 7 kwenye mita 100, chini 11 kwenye mita 250, chini 28 kwenye mita 300.

8 Septemba 2024. Madumu ya maji

Ami alipanga madumu ya plastiki yaliyojaa maji, moja nyuma ya jingine, akapiga kutoka mita 30 na kutoka mita 250, akaviokota vichwa. Maji si nyama wala mfupa, lakini yanatosha kulinganisha kichwa na kichwa.

Matokeo alinitumia saa tatu za usiku kwetu. Ilikuwa picha ya kisahani cha kahawa cha nyumbani kwake, juu yake vipande vilivyookotwa. Kichwa cha kawaida kilichopigwa kwa mita 30 kilibaki na gramu 5.1 kati ya 9.72, nusu yake ilikuwa imetawanyika majini kama mchanga. Kwa mita 250 kichwa hichohicho kilifanya kazi nzuri na kubaki na gramu 7.4. Kilichounganishwa kilibaki na zaidi ya gramu 9 kwa masafa yote mawili. Cha shaba kilibaki karibu kamili, na kimejikunjua petali nne sawasawa. Mtu wa Pemba haimchukui muda kujua kinafanana na nini: ni karafuu kavu, shina lake na meno yake manne, imeshikwa na kutu ya dhahabu. Cha mita 30 petali zake zilikuwa zimekunjwa hadi ubavuni; cha mita 250 zilikuwa zimefunguka nusu tu.

Kichwa changu cha mashindano kilinisikitisha. Kwa mita 30 kililipuka vipande, na kwa mita 250 kimoja kilipita madumu yote bila kutanuka hata kidogo, kikaacha tundu dogo la kuingilia na tundu dogo la kutokea. Kingempitia kulungu hivyo, angekimbia na kufa baada ya saa nyingi. Vichwa hivyo vimetengenezwa kutoboa karatasi mahali pamoja, na watengenezaji wake wenyewe hawavipendekezi kwa kuwinda. Nilikuwa nimechagua kwa kutazama safu ya nguvu, nikasahau kwamba jouli hazielezi kitakachotokea kichwa kikikutana na ubavu. Vimebaki 70, ami ameviweka kwa mazoezi.

Kuanzia hapa nimelipindua jedwali. Badala ya kuanza mtutuni na kuuliza kasi itakuwa ngapi mwishoni, naanza na kasi ya chini ambayo kichwa kinahitaji ili kitanuke, kisha narudi nyuma kutafuta masafa. Vichwa vya shaba kwa kawaida vinahitaji kiasi cha mita 550 hadi 600 kwa sekunde. Kwa hewa ya baridi na mtutu wa inchi 20, chetu kinafika mita 250 kikiwa na karibu 645, na mita 300 kikiwa na karibu 610. Mita 300 iko ukingoni, na ukingoni si mahali pa kumpiga mnyama.

13 Oktoba 2024. Uamuzi, na shaba inayokataa kutulia

Mzozo ulibaki baina ya kilichounganishwa na cha shaba. Cha kwanza kinatanuka kwa kasi ndogo zaidi na kinasamehe makosa ya masafa. Kilichoamua ni meza ya chakula. Mwaka 2008 huko North Dakota vituo vya kugawia chakula viliambiwa viitupe nyama ya kulungu ya kusaga, baada ya chembe za madini ya risasi, ambayo ni sumu, kuonekana ndani yake. Kisahani kile cha kahawa kilikuwa kimetuonesha gramu zinazopotea, na ami ana wajukuu wadogo wanaokula nyama anayoileta. Alisema, "Shaba, mwanangu," na hapo mjadala ukaisha.

Shaba nayo haikukubali upesi. Risasi tano kwa mita 100 zilitawanyika kwa sentimita 7, na kundi la namna hiyo likifika mita 250 linakuwa la sentimita 17 au 18. Tulifanya marekebisho mawili, moja moja, ili tujue lipi limefanya kazi. La kwanza, ami alisafisha mtutu mpaka kitambaa kikatoka bila rangi ya kijani, kwa sababu masalio ya magamba ya vichwa vingine hayapatani na shaba tupu. Kundi likapungua hadi sentimita 5. La pili, alikaza kichwa ndani zaidi ili kiwe na nafasi ya milimita 1.3 kabla ya kugusa mifereji ya ndani ya mtutu, badala ya kukiacha karibu kiguse. Kwa kuwa kukaza ndani kunabadilisha shinikizo, alirudi tena kipimo cha chini cha baruti na kupanda. Kundi likawa sentimita 3, siku tatu mfululizo.

Kasha la pili la shaba: dola 52.

3 Novemba 2024. Kikomo

Tumeandika kikomo: mita 250 upepo ukiwa mdogo, mita 180 ukivuma wa kutikisa matawi. Ami hakulipenda sana mwanzoni, kwani ndoto yake ilikuwa mita 300. Nilimpa jedwali la upepo peke yake, nikamwomba apige risasi kumi akiwa ameketi, bila kiegemeo cha benchi, kwa mita 250. Saba zilikuwa ndani ya duara la sentimita 20. Kwa mita 180 zilikuwa kumi. Alizihesabu mwenyewe mara mbili, akaniambia niandike kikomo.

Jedwali dogo nililichapisha dukani Wete na kulifunika plastiki kwa Sh 6,000 ili nione linavyosomeka; nakala yake ami amelichapisha huko na kulibandika ubavuni mwa kitako cha bunduki.

25 Novemba 2024. Msimu

Siku ya kwanza, Jumamosi tarehe 23, alimuona dume kwenye ukingo wa shamba la mahindi yaliyovunwa. Kifaa kilisoma mita 287. Hakufyatua.

Siku ya pili asubuhi, jike kubwa, mita 142, amesimama ubavu, hewa imetulia, baridi nyuzi sita chini ya sifuri. Alitaja jina la Mwenyezi Mungu akafyatua. Kulungu alikimbia hatua arobaini au chini ya hapo akaanguka. Ami alimfikia bado anavuta pumzi, akamchinja. Kichwa kilikuwa kimeingia nyuma ya bega, kimetoboa mapafu yote mawili na kutokea upande wa pili, kwa hiyo hakikuokotwa. Nyama iliyoharibika ilikuwa ya kujaza kiganja kimoja. Alinipigia kwa video akiwa bado na vazi lake la rangi ya chungwa, mikono ikimtetemeka kwa baridi, na kwa dakika nzima hakuna aliyezungumza.

15 Desemba 2024. Hesabu za fedha, na safu moja iliyobaki

Ami ametumia dola 514: hizo nilizoziandika juu, pamoja na ada ya uwanja wa shabaha dola 10 kwa siku, siku tisa. Amefyatua 146. Mimi nimetumia Sh 91,000, karibu zote intaneti.

Wiki iliyopita alikwenda uwanjani kwa baridi ya nyuzi 8 chini ya sifuri, akapiga tano kwa mita 250. Kundi lilikuwa zuri lakini lilikaa sentimita 2 chini ya jedwali, na kipima kasi kikasoma 817 badala ya 826. Hewa nilikuwa nimeihesabu. Sikuihesabu baruti, ambayo nayo huchoma polepole kidogo inapopoa. Nimeongeza safu ya joto la baruti, nikiwa na vipimo viwili tu, cha Agosti na cha Desemba. Ami ameahidi cha tatu mwezi wa Machi, theluji ikianza kuyeyuka.